Ziwa la Nyuma ya Vilima

Inasimuliwa kuwa Pimbi, Paa na Kobe walikuwa marafiki, na kila asubuhi walikutana juu ya jiwe kupanga matembezi. Paa alikuwa na hamu ya kwenda kila mahali, Kobe hakuchoka kuuliza maswali, na Pimbi aliwasimulia safari zake. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya ziwa la maji matamu nyuma ya vilima.

Kiangazi kimoja Paa akasema, "Twendeni tukalione."

"Wewe mwenyewe umefika huko?" Kobe akamwuliza Pimbi.

"Nimeyanywa maji yake," Pimbi akajibu.

Kobe alibaki, maana njia ilikuwa ndefu mno kwake. Wale wawili wakaenda. Siku ya kwanza Pimbi alitaka kusema kweli, lakini Paa alikuwa akirukaruka na kumsifu, naye akaona haya. Siku ya tatu walivuka vilima wakakuta uwanda wa chumvi kavu, bila hata tone la maji.

Paa akaanguka. "Uliwahi kufika hapa, ndugu yangu?"

"Hapana. Nilisimuliwa na korongo mmoja."

"Ungeniambia hata jana," Paa akasema bila hasira. "Jana nilikuwa bado na nguvu za kurudi nyumbani."

Pimbi akasimama upande wa jua ili amkinge rafiki yake. Kivuli chake kilitosha kufunika macho tu. Akasimama hivyo hivyo mpaka Paa alipoacha kupumua.