Mkoromo wa Abu Hamour

Haya nilielezwa na mjukuu wangu Roselyne, jana baada ya kula mchana, alipofika kwangu akitokea mjini, siku ya tatu tangu aje likizo kutoka Doha.

Anaishi Abu Hamour, mtaa wa huko Doha, nyumba iliyogawanywa kwa mbao. Chumba wanalala wawili, yeye na Winfred. Walihamia humo wiki ileile: Roselyne alikuwa anatafuta pa kulala, Winfred alikuwa ameachishwa kazi hotelini kwa kukosa wageni, na kitanda cha kampuni kikaenda pamoja na kazi. Ng'ambo ya ubao yuko Peninah, mwenye kuwapangisha.

Usiku wa kwanza tu, Peninah akagonga ubao.

"Winfred! Hilo ni koo au trekta?"

"Alijuaje ni Winfred?" nikamuuliza.

"Nani mwingine, Nyanya? Mwenzangu ana mwili. Mimi mfupa mtupu huu, nitakoroma na nini?"

"Wewe ulimsikia?"

"Mimi nikilala nimelala."

Winfred, ambaye hata king'ora hakimwamshi, alibaki kuomba msamaha kila asubuhi. Mwisho Peninah akachoka. "Wiki hii ikiisha bado unakoroma, beba sanduku lako." Naye Winfred hana kazi, hana ndugu kule. Akikosa kitanda, kazi ataitafutia wapi? Barabarani?

Roselyne ndiye aliyekumbuka. "Dada, kazi imekufa lakini kadi yako ya afya ya serikali ingali hai. Kimbia kabla hawajaikata!"

Winfred akakimbia. Hospitalini wakamwambia alale kwao usiku mmoja wamsikilize. Jioni hiyo Roselyne alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akaenda kupanda ndege.

"Na wamemponya, Nyanya! Hawakumpa hata kidonge. Walimbandika nyaya kichwani, asubuhi daktari akamwambia, 'Dada, huna shida yoyote, nenda nyumbani.' Tangu hapo nyumba kimya! Peninah amenipigia simu analia kwa furaha. Amemwambia Winfred akae mpaka apate kazi. Sasa jirani zetu wote wenye kadi wanataka hizo nyaya."

"Usiku mmoja tu?"

"Mmoja! Serikali ya watu hiyo." Akapiga mwayo, akajinyoosha kwenye kochi. "Nikirudi mwezi ujao, hata mimi nitalala raha."

Nikarudi kwenye ungo wangu wa kunde. Sikuwa nimepeta mara mbili, vifuniko vya sufuria vikaanza kucheza rafuni. Kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya mlango akaacha mayai yake, akatoka mbio. Jirani yangu Edith akaita kutoka ng'ambo ya ua:

"Mama, mmenunua mashine ya kusaga lini?"

Nikamtazama Roselyne. Alikuwa amelala fofofo.