Betri ya Pili

Mashangazi wa bibi harusi walikuwa wamefunga mlango, na hawakutaka kufungua mpaka wabembelezwe. Shaweji, bwana harusi, akazima injini ya gari lake akafungulia muziki. Spika kubwa ya besi aliyoifunga kwenye buti ikatikisa madirisha ya mtaa mzima. Fundi alimwonya kwamba spika ile itamaliza umeme wa gari, aongeze betri ya pili. Lakini betri nani ataiona? Akanunua spika kubwa zaidi.

Mlango ulifunguliwa kwa vigelegele. Bibi harusi, Hadia, akaingizwa garini, shela likakunjwa vizuri, Shaweji akazungusha ufunguo. Gari likalia tik, basi.

"Mkwe, gari lako linajua kuimba tu?" aliuliza shangazi mmoja. Kina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Alizungusha tena. Tik. Jasho lilimshuka ndani ya kanzu. Baba mkwe, ambaye tangu posa hakumwamini sana, alikunja mikono ya shati akaenda nyuma kusukuma.

Hadia alivua viatu.

"Kaa tu, mke wangu. Tafadhali," Shaweji alinong'ona.

"Baba anaumwa mgongo," alisema Hadia akifungua mlango. "Wewe tia gia ya pili."

Vicheko vilikatika. Kwenye kioo cha ndani Shaweji aliona viganja viwili vya hina vimebanwa kwenye kioo cha nyuma, na gari likaanza kusogea.