Antena ya Pili

Lidwina alivaa hedifoni zake za redio. Za marehemu mumewe zilibaki mezani, sponji zimebonyea.

Antena zao mbili zilisimama zimeachana uani, hapo Bombambili. Sauti ya mtoto wao, askari wa wanyamapori kambini mbali kupita Nalasi, ilifika imetawanyika angani. Ikififia kwenye antena moja, ilisikika kwenye nyingine. Mke na mume, kila mmoja alisikiliza yake, na aliyelipata neno alilitamka.

Sebuleni wafiwa walinyamazishwa. Mazishi yalimngoja kijana, na simu huko kambini hazishiki.

"Shemeji, usimwambie akiwa porini peke yake," mdogo wa marehemu alinong'ona. "Mwite tu. Gari linamfuata."

Redio ilikoroma.

"Shikamoo mama. Leo... mvua... baba..."

"Marahaba. Rudia, mwanangu."

"Nasema... daraja..."

"Rudia tena."

Mkono wa Lidwina ulizigusa zile hedifoni za mezani, lakini haukuziinua.

"Mama, hamjawahi kuniambia nirudie. Baba yuko wapi?"

Safari hii halikupotea hata neno moja.