Kitambaa cha Bombani

"Maji ni salama, dada."

"Basi kunywa wewe."

Tausi akafungua kitambaa alichofunga asubuhi kwenye mdomo wa bomba. Kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai. Akajaza glasi, akampa Shija, fundi wa idara ya maji. Majirani wakacheka, wakidhani atakataa.

Shija akanywa yote.

"Hata kwangu tunakunywa haya haya," akasema taratibu. "Mkaa ukiisha hatuchemshi. Mwanangu anaharisha kama wako. Dawa ya kutibu maji imeisha tangu masika."

Hakuna aliyecheka tena. Ndani, mtoto akaita, "Mama, maji."

Tausi akakikamua kitambaa, akakifunga tena bombani, akajaza ile glasi, akageuka, akaingia ndani.