Tuzo Mlangoni

"Mzee, tabasamu kidogo," mpiga picha akasema.

Nilikuwa jukwaani nimekumbatia tuzo, bonge la jiwe lililochongwa jina langu, zito kama kinu. Nilipewa kwa makala yangu ya kuzikosoa bustani za mji. Mwenyekiti wa hafla alikuwa ametoka kuisoma kwa sauti: "Waliochora bustani hizi hawajawahi kubeba mtoto!" Ukumbi ukalipuka makofi.

Hapo nikamwona binti yangu nje ya mlango wa kioo. Mtoto mgongoni, mwingine kamshika sketi, na bawabu kawazuia kwa mkono.

Nikashuka na tuzo yangu mpaka mlangoni.

"Kulikoni?"

"Watoto hawaruhusiwi, mzee wangu. Wanapiga kelele."

"Baba, acha tu," binti yangu akasema. "Tumeshazoea."

Tumeshazoea! Nimezunguka miji mingi nikikagua bustani, nimelala kwenye mabenchi yake ya kila namna, lakini neno hilo lilinichoma.

Mwenyekiti akanifuata mbio. "Mzee, hotuba! Watu wanasubiri."

Nikausukuma mlango mpaka mwisho, nikainama kwa taabu, nikaliweka lile bonge chini ili mlango usijifunge.

"Pita, mama," nikamwambia binti yangu.

Mjukuu wangu mkubwa akakanyaga jina langu, akaingia.