Visanduku Sitini

Kurasa mbili za diari ya Ridhaa zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, na Stacy, msichana asiye na breki mdomoni, aliziona kabla ya kitu kingine chochote.

"Ai, boss, hapa kulimwagika nini?"

"Hakukumwagika kitu. Nimezigandisha mwenyewe. Siku hizo sitaki kuziona tena." Ridhaa aliivuta diari yake kutoka kwenye kaunta. "Nataka daftari lisilo na tarehe."

Duka la Maalim Idarus liko River Road, Nairobi, karatasi zimepangwa hadi darini. Stacy ndiye muuzaji, na hapendi mteja atoke na kile alichokijia tu. Akamwekea Ridhaa daftari la nukta: kurasa tupu, nukta ndogo ndogo, basi.

"Hii unaipanga vile unataka. Diari inakuamulia siku. Hii ukikosea, unafungua ukurasa mwingine, unachora upya. Unataka kupanga nini?"

"Kufunga. Siku sitini mfululizo."

"Sitini! Na vile umekonda?"

"Nikikosa moja, naanza tena mwanzo."

Maalim Idarus, aliyekuwa akipanga rimu za karatasi, aliacha. Alimtazama Ridhaa kwa kitambo, kisha akainamisha macho. "Mpe, Stacy. Na usimuulize maswali."

Kumwambia Stacy asiulize ni kumwambia kuku asichakure. Alichora visanduku sitini kwa rula, huku akichimba taratibu. Akapata kwamba Ridhaa alikuwa dereva wa pikapu, akaacha kazi hiyo. Sasa anabeba mizigo Adams Arcade, na leo amekuja mjini kwa miguu. Kwamba mara ya kwanza alifunga akafika siku ya arobaini na moja. Kwamba kila Jumapili huenda Waithaka kwa mama mmoja aitwaye Nzula kumtekea maji, na siku hiyo ya arobaini na moja, Jumapili, Nzula alimpakulia sahani ya muthokoi.

"Ukakula?"

"Nikala."

"Si ungemwambia umefunga?"

"Yule siwezi kumkatalia kitu." Ridhaa alikuwa akiitazama mikono yake. "Nilikula nikajiona mwizi."

"Haiya! Kumbe ni mapenzi, na mimi nafikiria ni dini!"

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, likilia tii-tii-tii. Ridhaa alishika ukingo wa kaunta mpaka liliponyamaza.

"Hapa juu tunaandika jina," Stacy alisema. "Kila mpango una jina lake. Niandike Nzula?"

"Pawache wazi."

Safari hii alijikaza. Siku ya ishirini na saba homa ilimshika, akatetemeka na vidonge vyake mfukoni hadi magharibi. Siku ya arobaini na tatu ikawa Jumapili, na Nzula akapakua tena. Ridhaa alisimama na mtungi mkononi.

"Dada Nzula, nimefunga."

Hakusema kwa nini, na Nzula hakuuliza. Alifunika sahani kwa sahani nyingine, akaketi kizingitini, akangoja naye. Jua lilipozama alimfunulia. "Kula sasa, kaka. Umeisha sana." Ridhaa alikula ameinama, maana aibu ilikuwa imemjaa hata hakuweza kumtazama usoni. Heri angemtukana. Heri angemfungia mlango, kama alivyotarajia siku ya kwanza alipokwenda kubisha.

Asubuhi ya siku ya sitini na moja, Ridhaa aliingia dukani na daftari kwapani. Stacy alilipokonya, akahesabu visanduku kwa kidole. Vyote vilikuwa vimejazwa wino.

"Wololo! Sitini! Maalim, njoo uone! Mimi singeweza hata tatu!" Akamsukumia kalamu. "Sasa jina. Leo huniponyoki. Tuambie huyo Nzula atavishwa pete lini."

Ridhaa alimgeukia Maalim Idarus. Mzee aliinamisha kichwa polepole kumkubalia, akamwambia, "Mwenyezi Mungu akutakabalie kafara yako."

Basi Ridhaa akaandika, herufi moja moja, pale juu palipoachwa wazi. Alipomaliza aliweka kalamu chini na kurudi hatua moja.

Stacy aliligeuza daftari, mdomo tayari umefunguka acheke.

*Mwau, mtoto wa Nzula. Miaka minne. Nilirudisha gari nyuma bila kutazama kioo.*