Baba wa Kukodi

"Usiseme mingi," Inamahoro alimwambia baba yake wa kukodi, mbele ya mlango wa benki. "Weye ni papa yangu. Tunaishi Nyamianda. Unauzishaka samaki. Mama alikufa."

"Alikufa lini?" mwanaume aliuliza.

"Hiyo hawaulizake."

Jina lake lilikuwa Ndihokubwayo, mtu wa makamo, mpole mno kwa kazi aliyoitiwa. Mama mdogo Pudentienne ndiye aliyemfuata kijijini Runingu kwa pikipiki asubuhi ile. Alimpa chai bila kumwangalia usoni, kisha akamvuta Inamahoro pembeni. "Usimuulize mambo mingi. Akisaini tu, arudi kwake." Inamahoro hakushangaa. Nani anampenda mtu anayeuza uongo?

Uongo wenyewe waliutafuta baada ya ukweli kushindwa. Shirika lililokubali kumlipia chuo cha uuguzi lilituma pesa kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe tu, na mwisho wa kuifungua ulikuwa leo, kabla benki haijafunga. Mara ya kwanza watu wa benki walimkataa kwa sababu hajatimiza miaka kumi na minane: arudi na mzazi. Akarudi na mama mdogo. Wakamkataa tena: mama mdogo si mzazi, na vyeti vyote vya nyumbani vilibebwa na maji ya mto Mulongwe pamoja na ukuta wa jikoni. Kuhusu baba, aliingia machimbo ya dhahabu Inamahoro angali anatambaa, na kwao alihesabiwa pamoja na wafu. Hata jina lake halikutajwa. Basi wakatafuta wa kukodi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ndani, karani aliitwa Patient, kijana wa adabu aliyeletwa juzi kutoka Lubumbashi. Alichukua kadi ya mpiga kura ya mwanaume, akaiweka kando ya kadi ya shule ya msichana, akaziangalia moja baada ya nyingine.

"Papa ni Ndihokubwayo. Mutoto ni Inamahoro," alisema. "Kwetu mutoto anabebaka jina ya papa yake. Hapa sioni kitu inawaunganisha. Mademoiselle, hii ni mara ya tatu. Nikikataa leo, dosie ya ombi lako inafungwa."

Hilo hawakuwa wamelifikiria, kwa sababu kwao bondeni hakuna anayelifikiria. Kule kila mtoto hupewa jina lake peke yake; ndugu watano wa tumbo moja huwa na majina matano, na la baba halimo hata moja. Inamahoro alieleza hayo yote.

Patient alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Kama jina ni ya peke yake, iko na sababu yake. Nani alimupatia?"

"Papa," Inamahoro alijibu haraka, na hapo hapo akajuta.

Karani akamgeukia mwanaume. "Juu ya nini ulimuita vile, papa?"

Inamahoro alifumbua mdomo ili amsaidie, lakini Patient alimnyamazisha kwa kiganja. Basi imekwisha, aliwaza. Mtu huyu wameonana leo tu. Atababaika, na chuo kitaondoka, na yeye atakaa kando ya mto akipanga mafungu ya ndagala, samaki wadogo wa kukausha, mpaka azeeke. Alimwomba Mungu mtu huyu aseme chochote: bibi mzaa baba, sikukuu ya kanisa, chochote.

Mwanaume aliangalia mikono yake.

"Alizaliwa mu shamba ya mihogo," alisema polepole. "Tulikuwa tunakimbia masasi ya bunduki. Mama yake aliuma kitenge, asilie, watu wasitusikie. Mutoto akatoka kimya. Tukafikiri amekufa. Nikamushika vile, kichwa chini, hakuna kitu. Kisha masasi ikanyamaza, bonde yote kimya, na yeye ndiyo akalia." "Kwetu amahoro ni amani. Nikamuita Inamahoro."

Patient hakuuliza tena. Aligonga mhuri, akasogeza karatasi na kalamu.

"Saini hapa, papa. Akaunti imekubaliwa."

Inamahoro hakuitazama karatasi. Habari ya shamba la mihogo alipewa na mama yake wakiwa wawili tu, siku za mwisho za ugonjwa, na hakuwahi kumsimulia mtu, hata mama mdogo.

"Ulikuwaka wapi miaka yote hii?" alimuuliza mwanaume.